WordPress kwa Kiswahili: nilivyogombana na saa

Tovuti ya kikoba chetu hapa Tanga naiendesha mimi. Si kwamba ni fundi, ila siku ya kugawana kazi nilichelewa kufika.

Aliyetuwekea WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, aliiacha kwenye Kiingereza cha Marekani na saa ya UTC+0, yaani saa ya msingi ya dunia isiyoongezwa wala kupunguzwa. Lugha niliibadilisha siku ile ile: Mipangilio, Jumla, Lugha ya Tovuti, Kiswahili, hifadhi. Saa sikuigusa.

Jumamosi moja katibu akapanga tangazo la mkutano litoke lenyewe saa 12 asubuhi, watu walione kabla hawajatoka majumbani. Akaandika 12:00. Likatoka saa 9 alasiri, mkutano umeshavunjika. Makosa mawili yalikuwa yamepandana: 12:00 ya mashine ni saa 6 mchana kwetu, na tovuti ikihesabu kwa UTC inachelewa saa 3 juu ya hapo.

La saa 3 lina dawa. Kwenye orodha ya saa za eneo chagua Dar es Salaam, basi. UTC+3 nayo ingefaa, maana huku hatusogezi saa mwaka mzima, lakini ukiwa na tovuti London ukaweka UTC+0, ikifika mwisho wa Machi utabaki nyuma saa nzima. Chagua mji. Ila saa yetu ya kuhesabia tangu macheo haimo kabisa kwenye mipangilio hiyo, kwa hiyo katibu amebandika jedwali pembeni ya kompyuta.

Tarehe nimeweka j F Y, inatoka 5 Machi 2024. Ile ya Kimarekani, m/d/Y, inayotanguliza mwezi kabla ya siku, ikimbieni. Ukiandika 03/05/2024 mkopaji ataisoma tarehe 3 Mei, na rejesho ulilitaka Machi! Siku ya kuanza juma huja ikiwa Jumatatu, nami nimeweka Jumamosi, kwani mosi ni nini? Mweka hazina, mtu wa kalenda za ofisini, hajanisamehe.

Kuna wakati nilirudisha tovuti nzima kwenye Kiingereza, kwa kuwa video za mafunzo nilizokuwa nafuata zote ni za Kiingereza na nilikuwa napotea kwenye menyu. Haikupita wiki, shangazi mmoja mwanachama, macho yake hayaoni vizuri na husomewa na simu, akalalamika kwamba simu inamsomea matangazo kizungu. Kumbe lugha unayochagua pale kwenye Lugha ya Tovuti huandikwa ndani ya kila ukurasa, na simu huitumia kuamua isome kwa matamshi gani. Suluhisho lilikuwapo tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016: kila mtumiaji ana lugha yake kwenye wasifu. Sasa dashibodi yangu, yaani kurasa za ndani ninazoendeshea tovuti, ni Kiingereza, tovuti ni Kiswahili, na shangazi ametulia.

Viraka vya Kiingereza bado vipo. Vingi vinatoka kwenye kiolezo (theme), yaani sura ya tovuti, tulichonunua, si kwenye WordPress yenyewe. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya Loco Translate imenisaidia kutafsiri maneno karibu yote kwa mkono, jioni mbili tu. Kilichonishinda ni kitufe cha kusoma zaidi: aliyetengeneza kiolezo aliyachomelea maneno yake ndani ya msimbo, hayatokei kwenye orodha ya kutafsiriwa. Wanachama wanakibonyeza hivyo hivyo.