Jahazi la chokoleti harusini Malindi: uzoefu wangu

Haki yake nimpe kwanza: kijana huyu fundi wa chokoleti ana mkono. Jahazi alilotutengenezea kwa harusi ya binti wa ndugu yangu lilikuwa na usukani, foromali (ule mti unaobeba tanga), na mbao za ubavuni kazichora mistari ya mti kwa ncha ya kisu. Tanga la chokoleti nyeupe lilikuwa jembamba hata mwanga wa taa unapenya.

Sasa hasira zangu. Alipokuja kuchukua arubuni ni yeye aliyetuhubiria: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana chokoleti huiyeyusha, akaipoza hadi 27, akaipasha tena hadi 31, ipate kuganda iking'aa na ukiivunja ilie. Ukumbi, akasema, uwe nyuzi 20. Tukakodi ukumbi wa kiyoyozi kwa ajili yake, na bei zake mnazijua.

Siku yenyewe kaskazi imekaza. Kaja kachelewa, adhuhuri, jahazi ndani ya tuktuk. Shikamoo hana. Kavuta pazia, kafungua madirisha, eti apate mwanga wa kupigia picha za ukurasa wake! Akapiga, akazunguka, akapiga tena.

Mlingoti ukaanza kuinama. Majahazi milingoti yao huinamia mbele, kwa hivyo mwanzo nilidhani ndio ufundi wenyewe. Kisha tanga, maana nyeupe hulainika upesi kuliko nyeusi, likajikunja, likaanguka puu juu ya kitambaa cha meza. Nikamwita. Akanijibu mbele ya wakwe: "Mama, ungetaka kitu cha kudumu ungekwenda kwa seremala."

Kwa seremala! Na madirisha kafungua yeye!

Mwaka 2012 Andrew Farrugia wa Malta alijenga treni ya chokoleti ya mita 34 na kuiweka ndani ya stesheni ya Brussels. Haya, Brussels si Malindi. Lakini nani alituambia inawezekana, kama si yeye?

Nilitaka kumpa nyota tatu. Nikimkumbuka seremala, moja. Ila ladha, wallahi, ilikuwa kakao hasa, si ile ya mafuta ya mawese inayogandia kwenye kaakaa. Watoto waliramba mpaka sinia. Basi mbili. Wakati wa kusi huenda hata ningemwagiza tena, pazia nikilishika mimi.

Baki lake bado analidai, kila siku ujumbe. Simpi. Au nitampa, lakini aje alichukue mwenyewe, mbele ya wakwe walewale.