Jezi za NBA: kabla hujauliza kama ni orijino, uliza ni ya mwaka gani

Msomaji wangu mmoja wa Mwanza kanitumia picha ya jezi ya Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Mgongoni THABEET, namba 34. Kifuani tiki ya Nike. Kailipia laki moja na sitini, na muuzaji kamwapia kwamba mzigo umetoka Marekani kwa kaka yake. "Dada, hii ni orijino?" Malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi, mara Jordan, mara Kobe, mara Iverson, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwa hiyo ya Mwanza sikuhitaji hata kuishika. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa 2013-14, akiwa Oklahoma City. Miaka yote hiyo jezi za ligi zilikuwa zinatengenezwa na Adidas, walioshika mkataba kuanzia 2006 hadi 2017. Nike waliingia msimu wa 2017-18, Hasheem kashaondoka zamani. Kwa maneno mengine, jezi ile haijawahi kuvaliwa na mtu yeyote uwanjani, na ligi haikuwahi kuitoa. Kuna mtu kakaa akaitunga.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka tuuzungumze. Miongozo mingine itakwambia ushike kitambaa, uvute uzi, uangalie kama nembo imekaa sawa. Sawa, angalia. Lakini karibu kila mtu anayepigwa anapigwa kwenye mwaka, na mwaka hakuna anayeuangalia.

Tena hiyo habari ya uzi ndiyo inayowaponza wengi. Ukifika dukani unaambiwa, "Imeshonwa hii dada angu, siyo ya kubandika." Nike Swingman halali, ile jezi ya mashabiki inayouzwa na duka la ligi yenyewe, namba zake zimebandikwa kwa joto. Hazijashonwa. Kwa hiyo watu wanarudisha jezi halali kwa sababu haina uzi, halafu wanabeba feki iliyoshonwa mpaka imekakamaa. Ukiigeuza hiyo feki ndani nje utaona vizuri: nyuma ya namba kuna kitambaa kigumu kama karatasi kimekatwa ovyo, na uzi umetoka herufi moja ukaenda nyingine bila kukatwa, T imefungwa kwenye H, H kwenye A. Mwenye cherehani ya tarakilishi anashona chochote. Historia ndiyo inayomshinda.

Basi shikeni haya machache. Nembo ya NBA ilikuwa kifuani mpaka msimu wa 2013-14; kuanzia 2014-15 ikahamia mgongoni, chini ya kola. Alama ya mtengenezaji haikuwahi kukaa kwenye jezi za kuchezea NBA mpaka Nike walipokuja 2017. Matangazo ya wadhamini kifuani nayo yalianza msimu huo huo. Yule mtu anayeruka kwenye alama ya Jordan alianza na Charlotte Hornets peke yao. Timu nyingine zikampata kuanzia 2020-21, na kwenye jezi ya Statement tu, moja ya aina za jezi ambazo kila timu inazo. Ukiona karukia kwenye jezi nyeupe ya kawaida ya Boston, mwache aendelee kuruka, wewe ondoka. Kobe alivaa 8 mpaka 2006, baada ya hapo 24. LeBron kafika Lakers 2018, kwa hiyo LeBron wa Lakers mwenye mistari mitatu ya Adidas ni hadithi.

Kuna mtego mmoja. Mchezaji aliyestaafu anaweza kutolewa upya kihalali, kama Nike walivyotoa za Kobe baada ya kustaafu 2016. Ndiyo maana orodha yangu ya jezi za kununua inaanza na wanaorudisha za zamani kihalali.

Ya kwanza: Mitchell & Ness, na hapa sitaki ubishi

Nawapendelea, najua, na mnanisema. Ni kampuni ya Philadelphia, ilianza 1904, na kazi yake kubwa ni kurudisha jezi za zamani kwa kibali cha ligi. Fanatics, kampuni kubwa ya bidhaa za michezo, waliinunua 2022, wengi tukashika roho, ila ninachokipenda bado kipo: karibu na pindo kuna lebo ya kufumwa yenye taarifa za mchezaji, na msimu wa jezi unatajwa. Yaani kampuni imejifunga yenyewe. Ikikosea mwaka, umeikamata.

Chukua Dikembe Mutombo wa Denver Nuggets, kijana wa Kinshasa, namba 55. Ile jezi yenye mistari ya upinde wa mvua na majengo ya jiji kifuani, ambayo kila mtu anaitaka tangu mzee afariki Septemba 2024, Nuggets waliiacha 1993. Mutombo alianza pale 1991. Kaivaa misimu miwili basi, ingawa alikaa Denver mpaka 1996. Iliyobaki alivaa bluu iliyokoza. Lebo ya Mitchell & Ness ya 1991-92 inakaa sawasawa na historia hiyo. Ile ya mtaani unakuta upinde wa mvua, lebo hakuna, au imeandikwa jina la timu tu. Pitisha kidole gumba juu ya 55: kwenye halali unahisi kitambaa kimepandishwa juu ya kitambaa na mshono umefuata ukingo bila kuchezacheza.

Chukueni Swingman yao, siyo Authentic, ile nakala kamili ya jezi ya uwanjani. Authentic inafika kama dola 300, na hiyo ni kabla haijapanda ndege. Na wenye miili midogo mteremke saizi moja, maana wanakata kwa mtindo wa miaka ya tisini, mabega mapana na urefu wa kufunika makalio.

Ya pili: mtumba

Mtanishangaa kuuweka mtumba juu ya Nike mpya. Lakini nendeni Karume asubuhi belo linapofunguliwa, au Gikomba kwa walio Nairobi, mtakuta mali ambayo hakuna duka linayo tena. Champion za miaka ya tisini hasa. Hizi zina namba za kuchapwa, na zikizeeka zinapasuka nyufa nyufa. Wauza mitumba wengine wanaziuza bei ya fulana wakidhani ni feki kwa sababu hazina uzi. Wasisahihishwe. Zilikuwa jezi rasmi za mashabiki, saizi zake ni namba, 40, 44, 48, na Champion walizitengeneza wakati Jordan bado anacheza. Nyufa kwangu ni cheti cha kuzaliwa.

Hapa ndipo msomaji wa Mwanza angetafuta Thabeet wake. Halali ni ya Adidas, nembo ya NBA iko kifuani. Ni adimu, maana hakukaa Memphis hata misimu miwili, na Mmarekani anayeitoa kabatini haoni alichokitoa. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, chaguo namba mbili la drafti nzima, halafu jezi yake inakuja kwenye belo pamoja na pajama! Ukiikuta, nunua, kisha nipigie.

Doa la kwapa halitoki. Msidanganyane na limao.

Ya tatu: Nike Swingman

Kwa wachezaji wa sasa hii inatosha. Ilipoanza 2017 ilikuwa dola 110, Authentic dola 200, na tangu hapo bei zimekuwa zikipanda ngazi tu. Saizi 44 ni M, 48 ni L, 52 ni XL. Lebo ikikwambia 48 ni M, rudisha.

Walio Kigali wananiuliza kwa nini jezi mpya ya Clippers waliyoagiza haina maandishi ya Visit Rwanda, wakati timu imeanza kuyavaa msimu wa 2025-26. Hiyo siyo dalili ya feki. Jezi nyingi za madukani huja bila tangazo la mdhamini. Zenye tangazo kwa kawaida huuzwa kwenye duka la timu yenyewe. Ukiona muuzaji wa mtaani ana zote za wadhamini, kila timu, kila saizi, hapo ndipo uanze kujiuliza.

Ya nne ni Nike Authentic, na sina la kusema sana. Imekatwa kwa mwili wa mtu anayekimbia dakika 40. Sisi tunaotazama fainali saa tisa usiku na sahani ya chipsi mapajani haituhusu.

Za elfu ishirini na tano za barabarani: vaeni mazoezini, zifueni, zichakae. Siyo za kukusanya.

Sasa bei. Ukiagiza mwenyewe kuja Tanzania, ushuru haupigwi kwenye bei ya jezi peke yake. Wanajumlisha jezi, nauli na bima, wanaweka ushuru wa forodha, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Kwa hiyo Swingman ya dola mia na kitu ikigeuka laki tano mkononi, hiyo hesabu naielewa, inauma lakini naielewa. Ambayo siielewi ni ya Kariakoo, pale winga anapokupokea mtaani, anakuingiza duka ambalo siyo lake, anakutajia bei ambayo mwenye duka anaisikia kwa mara ya kwanza pamoja na wewe, na cha juu ni chake. Ukihoji mwaka wa jezi anakujibu, "Sista, hii ni ya Thailand." Kwani Thailand ina timu NBA?

Na nyie wa mtandaoni, "bei njoo inbox". Mna picha kumi, mna muziki, mna emoji za moto, bei hamna. Nikija inbox mnaangalia kwanza profaili yangu ndipo mjue bei ni ngapi. Dawa yao nimeipata: sianzi na bei wala sianzi na uorijino. Naandika tu, "Naomba picha ya lebo ya pindoni na ya ndani ya namba, jezi ikiwa imegeuzwa." Mwenye mzigo wa kweli anatuma dakika hiyo hiyo, tena na bei juu. Wengine wote wanasoma, tiki mbili za bluu, kimya.