Sindano za Kufumia Soksi: Tazama Kiungo Kwanza

Malalamiko yanayonifikia kuhusu sindano za kufumia soksi yamekuwa na sura moja tangu kaskazi ilipoanza kuvuma. Bibi mmoja wa Langoni ameniandikia kwamba soksi anayomfumia mjukuu wake aliyeko shuleni Nyeri imejaa nyuzi zilizochomoka, ilhali uzi wenyewe ni mzuri. Dada wa Malindi anasema vitanzi, yaani vijiduara vya uzi vinavyokaa kwenye sindano, vinamkwamia katikati ya kila mzunguko, hata inambidi avisukume kimoja kimoja kwa ukucha. Mwingine, wa Shela, ameulaumu mkono wake mwenyewe, akidhani anafuma kwa kubana mno. Niliwaomba wanitumie picha za sindano zao, na picha zote zimeonyesha kasoro ileile mahali palepale, yaani pale sindano inapokutana na waya. Hapo ndipo ninapopaita kiungo, na mwongozo huu, kwa kweli, ni mwongozo wa viungo.

Wapo wanaoniuliza soksi za sufu zina kazi gani Lamu, mji ambao mtu huvaa ndara mwaka mzima. Hatufumi za kuvaa hapa. Tunawafumia watoto walioko shule za bara, jamaa waliohamia Limuru na Nyahururu, na watoto wachanga ambao hakuna mama wa pwani atakayekubali watolewe nje miguu mitupu, hata jua likiwa la utosi. Zaidi ya hayo, mji unaoheshimu kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa miezi hauna haki ya kumshangaa mtu anayekaa na soksi kwa wiki mbili.

Soksi hufumwa kwa kuzunguka, bila mshono wa ubavuni, na kwa kazi hiyo kuna zana za aina tatu. Ya kwanza ni sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Ya pili ni sindano ya waya mrefu, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini, ambayo urefu wake wote huwa sentimita 80 au 100, na ziada ya waya hutolewa nje kama kitanzi kirefu ili soksi nyembamba iweze kuzunguka. Ya tatu ni sindano ya waya mfupi wa sentimita 23, ambayo soksi huizunguka yote bila ziada. Sitapoteza wakati wa msomaji kwa rangi, ukali wa ncha, wala uzuri wa mfuko, kwa sababu hayo kila muuzaji huyasema bila kuulizwa.

Kiungo hakisemwi na mtu, na hesabu yake ni hii. Soksi ya mtu mzima ifumwayo kwa uzi mwembamba huwa na vitanzi 64 hivi. Katika sindano ya waya mrefu, kila kitanzi huvuka kiungo mara mbili katika kila mzunguko: mara ya kwanza kinapopanda kutoka kwenye waya kuja kwenye ncha ili kifumwe, na mara ya pili kinaposhuka upande wa pili baada ya kufumwa. Mguu wa soksi wenye urefu wa sentimita 15 una mizunguko 60 hivi. Hiyo ni mivuko 7,680, na bado hujageuza kisigino, wala hujagusa soksi ya pili. Iwapo kiungo kina ukingo mdogo tu, ambao jicho halioni, uzi utaupitia mara elfu saba na ushei. Uzi wa soksi wenyewe ni mwembamba. Ule wa Regia au Opal, ambazo zote ni za Ujerumani, huwa wa mita 420 hivi kwa kibunda cha gramu 100, na mara nyingi umesokotwa kwa nyuzi nne, asilimia 75 sufu na 25 nailoni. Ukingo haukati uzi mzima. Hudaka uzi mmoja kati ya zile nne na kuuvuta nje, na mfumaji huona nywele zimesimama kwenye soksi asijue zimetoka wapi.

Hewa yetu inazidisha tatizo hilo. Sindano nyingi za bei nafuu ni za chuma cha kawaida au shaba ya manjano iliyopakwa rangi ya fedha, na upako huo huishia kwenye kiungo, ambapo ndipo pembamba zaidi na ndipo jasho la kidole gumba hukaa. Ongeza chumvi inayoruka kutoka baharini na unyevu wa masika, na utaona alama ya kahawia kwenye kiungo kabla ya mahali pengine popote. Alama hiyo ikifika kwenye uzi mweupe, haitoki kwa sabuni yoyote niijuayo. Gundi nayo, katika viungo vilivyogandishwa kwa gundi tu, hulegea kwa joto, waya hurudi nyuma unywele mmoja, na pengo linalobaki hapo linatosha kumeza uzi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, chukua stokingi kuukuu ya nailoni na uivute polepole juu ya kiungo, kutoka kwenye waya kwenda kwenye ncha, kisha kinyume chake. Uelekeo wa kupanda ndio wenye siri, kwa kuwa sindano nyingi hupita vizuri zikishuka na kukwama zikipanda. Stokingi ikishika hata kidogo, rudisha. Baada ya hapo pinda waya karibu na kiungo na utazame kwa mwanga iwapo pengo linafunguka. Ukucha si kipimo cha kutosha. Ukucha ni mnene kuliko kasoro tunayoitafuta.

Nafasi ya kwanza ninaipa ChiaoGoo ya waya mwekundu, ya urefu wa sentimita 80, na sitajifanya kwamba nilisitasita. Ncha zake ni za chuma kisichoshika kutu, na kwa mtu wa kisiwani sifa hiyo peke yake ingetosha. Waya wake ni nyuzi za chuma zilizosokotwa na kuvikwa nailoni, kwa hiyo haukumbuki jinsi ulivyokunjwa ndani ya pakiti. Ukiutoa, unalala ulivyoutaka, bila kuuchovya kwenye maji moto kama tunavyofanya kwa nyaya za plastiki. Kwenye kiungo chake stokingi hupita ikipanda na ikishuka kana kwamba hakipo. Ile inayoitwa Red Lace ina ncha kali zaidi, na wanaopunguza vitanzi vingi kwenye sehemu ya vidole vya soksi wataipenda, ingawa itawachoma kidole cha shahada hadi wazoee. Najua wapo watakaonung'unika kwamba sindano hizi hutengenezwa China. Ni kweli, hutengenezwa huko, na anayedhani kwamba kila kitokacho China ni kibovu ananunua kwa masikio badala ya mikono.

Nafasi ya pili ni ya Addi, za kampuni ya Gustav Selter ya Altena, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1829. Viungo vyake ni laini sana, na kama ningekuwa naandika kwa ajili ya watu wa Ujerumani, huenda ningeziweka sawa na zile za kwanza. Lakini zile ziitwazo Turbo zimepakwa nikeli, na nikeli huwawasha baadhi ya watu ngozi. Tena kwa mkono unaotoa jasho mchana kutwa wa Februari, chuma kitupu kisicho na upako kina faida. Anayefuma kwa haraka na ambaye ngozi yake haina tatizo, achukue Addi bila wasiwasi.

Ya tatu ni sindano tano za ncha mbili. Hizi hazina kiungo kabisa, na msomaji makini atauliza kwa nini basi zisiwe za kwanza. Sababu ni kwamba kiungo huhamia kwenye soksi yenyewe: pale sindano moja inapoishia na nyingine inapoanza, vitanzi hulegea na kuacha mstari wa ngazi unaoshuka hadi kisigino, na dawa yake ni kukaza kitanzi cha pili cha kila sindano, jambo ambalo mwanafunzi husahau. Vilevile sindano moja huwa huru wakati wote, na ikidondoka kwenye boti ya kwenda Mokowe, imekwenda. Ukizitaka, chukua za mwanzi, kwa sababu mwanzi hushika vitanzi na hauponyoki kama chuma. Clover Takumi za Japani ni za kuaminika, na KnitPro za India wana za mbao na pia za alumini ziitwazo Zing, ambazo kila unene una rangi yake. Katika miezi ya masika mwanzi hunata zaidi, hasa ukiwa na mikono yenye jasho. Na ile ya mbao yenye unene wa milimita 2 haisamehe mtu aliyeikalia.

Ya nne ni ile fupi ya sentimita 23. Ni ya kupendeza kuitazama, soksi inazunguka tu bila kusimama, lakini ncha zake ni fupi mno hata kiungo kinakaa chini ya vidole vyenyewe, na kiganja hushikwa na ganzi. Wenye mikono midogo huipenda. Mimi siipendi.

Seti za kubadilisha ncha, ambazo ncha hufungwa kwenye waya kwa skurubu, zina viungo viwili mahali pa kimoja, kwa kuwa skurubu nayo ni mlango wa kudaka uzi, na hulegea katikati ya kazi. Nyingi hazishuki hadi unene wa milimita 2.25 ambao soksi inauhitaji. Seti ndogo ya ChiaoGoo iitwayo Mini huanzia milimita 1.5 na kuishia 2.5, kwa hiyo inafaa, lakini kwa soksi peke yake sioni haja ya kulipia seti nzima.

Kuhusu seti za mianzi zenye bomba la plastiki, zile zinazouzwa saizi nyingi kwa pakiti moja kwa bei ya samaki wawili, nina neno moja: kiungo chake ni plastiki iliyovalishwa juu ya kijiti, na ukingo wake unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Zafaa kwa watoto kujifunzia kwa uzi mnene.

Sasa nije kwa wauzaji, kwa kuwa nusu ya malalamiko niliyopokea yanawahusu wao. Kwanza, saizi. Kenya bado tunatumia namba za zamani za Uingereza, ambazo hupungua kadiri sindano inavyonenepa: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, na namba 13 ni milimita 2.25. Namba za Marekani huenda kinyume, hivyo namba 8 yao ni milimita 5. Mtu aliyeona maelezo ya Kimarekani yanayotaka namba 1, yaani milimita 2.25, akaenda dukani kuomba namba 1, kwa namba za Uingereza anastahili kupewa sindano ya milimita 7.5, ambayo haifumi soksi bali blanketi. Muuzaji anayejua kazi yake angeuliza milimita ngapi. Wengi hawaulizi. Mmoja wa mtandaoni aliandika "sindano za soksi" juu ya kitu cha milimita 4, na alipoulizwa na msomaji wangu akajibu kwamba soksi zina saizi nyingi. Nunua kadi ndogo ya matundu ya kupimia, uwe nayo kwenye mkoba.

Pili, picha. Tangazo huonyesha waya mwekundu, na kifurushi huja na waya mweupe mgumu uliojikunja kama mkia wa kinyonga, na ukilalamika unaambiwa zote ni sawa. Hazilingani hata kidogo. Nawashauri mwombe picha ya kiungo chenyewe, iliyopigwa kwa karibu, kabla ya kutuma pesa. Anayekataa kuipiga amekwisha kujibu.

Tatu, nauli. Sindano ya ChiaoGoo hupatikana ng'ambo kwa dola kumi na kitu, na uzito wake ni wa gramu chache, lakini ikifika Mombasa inatozwa kama sanduku la viatu, kisha basi hadi Mokowe, kisha boti, na kila mkono unaoipokea unataka chake. Mwisho wake mtu wa Usita wa Mui hulipia safari zaidi ya sindano, huku duka lililo hatua chache kutoka kwake limejaza uzi wa sweta wa kila rangi na halina sindano moja nyembamba kuliko milimita 3.25. Nimewaambia wenye maduka zaidi ya mara moja kwamba wateja wapo. Hujibu kwamba soksi zinauzwa tayari, jozi tatu kwa bei ya chai.

Mpaka watakapobadilika, agizeni kwa pamoja. Nauli ya kifurushi kimoja haipandi sana kwa sindano kumi, na mkipatana watu watano wa mtaa mmoja, kila mmoja atalipa sehemu ndogo. Agizeni za sentimita 80, kila mtu ya milimita 2.25 kwanza, anayefuma kwa kubana aongeze ya 2.5, na anayefuma kwa kulegeza achukue ya 2.