Banda la kuku nyuma ya nyumba: ujenge, ugeuze stoo, umwite fundi au ununue lililo tayari?

Anayeuliza bei ya banda la kuku hutaka kusikia tarakimu moja. Tarakimu hiyo haisaidii mpaka ujue banda linabeba kuku wangapi kweli, na litasimama miaka mingapi. Njia tano zilizopo nimezipanga kwa kigezo hicho: kila kuku anakugharimu kiasi gani kwa kila mwaka wa uhai wa banda. Bei iliyobandikwa dukani nimeiweka pembeni kwa sasa.

Anza na vipimo, maana ndivyo vitakavyokuokoa kwa muuzaji na kwa fundi. Kuku wa mayai wa ukubwa wa kawaida anahitaji kama mita mraba 0.37 ndani ya banda, na karibu mita mraba 1 ya uwanja wa nje. Kwenye fito ya kulalia anataka sentimita 20 hadi 25. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinatosha kuku wanne au watano. Ukiwawekea kila mmoja cha kwake, bado watapanga foleni kwenye kile kimoja walichokipenda. Kuku sita, basi, ni banda la mita mraba 2.2, uwanja wa mita mraba 6, fito ya mita moja na nusu na viota viwili.

Wengi hudhani mbao ndizo zinazomeza pesa. Kwenye banda dogo lenye uwanja, pigia hesabu wavu. Uwanja wa mita 2 kwa 3 wenye kimo cha mita 1.8 unataka mita mraba 18 za kuzunguka, 6 za juu, na 3 na ushee za kulaza chini kwa upana wa sentimita 30 ili mnyama asichimbe akaingia. Jumla ni 27 na kitu. Ukichukua mita mraba zilezile 6 ukazifanya uchochoro wa mita 1 kwa 6, wavu unapanda hadi zaidi ya 35, na kuku hawakupata hata sentimita moja ya ziada. Umbo la karibu na mraba ndilo la bei nafuu. Ukiegemeza upande mrefu kwenye ukuta wa uzio uliopo, unaokoa zaidi ya mita mraba 6.

Wavu wenyewe si mmoja. Ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, unaoitwa wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa anauchana, panya anapenya. Mahali kuku wanapolala, pamoja na kila tundu la hewa, weka wavu mzito wa kuchomelewa wenye matundu ya milimita 12 au 13. Ule mwembamba upeleke sehemu za juu za uwanja wa mchana, na hapo ndipo pa kubana matumizi. Ukimaliza, okota vipande vyote vya waya: kuku hudonoa kila kinachong'aa, na zinki iliyopakwa kwenye waya ni sumu kwake.

1. Kujenga mwenyewe, vipya na chakavu pamoja

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Nunua vipya vile vinavyobeba usalama: wavu, skrubu, bawaba, makomeo, mabati, na nguzo zinazogusa udongo. Kuta, milango na viota vinaweza kutoka kwenye mbao zilizokwishatumika.

Chakavu kina masharti yake, lakini. Mbao zenye rangi ya zamani ziache, kwa sababu huenda ina madini ya risasi: kuku hudonoa magamba yake, na risasi hiyo hufika hadi kwenye mayai. Mbao za zamani zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza zinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Paa la asbesto usilikate wala kulitoboa. Jukwaa la mbao la kubebea mizigo (paleti) lenye muhuri wa HT lilitibiwa kwa joto na linafaa; lenye MB lilifukizwa kwa dawa ya sumu, liache. Na usichukue ubao wowote uliotoka kwenye banda lingine la kuku. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya damu, na unaweza kukaa miezi mingi bila kula ukiwasubiri wageni wako.

Sanifu kwa kufuata ukubwa wa bidhaa dukani. Karatasi ya kawaida ya plaiwudi ni mita 1.22 kwa 2.44; ukiifanya sakafu nzima bila kukata, unapata karibu mita mraba 3, yaani kuku wanane bila kubanana. Anayesanifu mita 1.3 kwa 2.5 ananunua karatasi ya pili ili atumie vipande vyembamba tu, inayobaki anairundika nyuma ya nyumba. Vifaa navyo azima: ukinunua msumeno na drili kwa ajili ya banda moja, nafuu ya kujenga mwenyewe inaweza kuyeyuka yote.

2. Kugeuza stoo iliyopo

Kama unayo, ipandishe hadi namba moja na usinisikilize mimi. Paa lipo, kuta zipo, na kama sakafu ni ya saruji, wanyama wanaochimba hawana njia. Unalipia fito, viota, maranda ya kutandika, mlango mdogo wa kuku na matundu ya hewa. Hayo matundu usiyaone madogo: stoo nyingi hazipumui, na unyevu ukichanganyika na hewa kali ya kinyesi huumiza mapafu ya kuku. Toboa juu, chini kidogo ya paa, pande mbili zinazotazamana, ili upepo upite juu ya vichwa vyao wanapolala.

3. Kumpa fundi seremala

Unalipa ufundi juu ya vifaa, lakini unapata vipimo vyako mwenyewe. Muombe aandike gharama ya vifaa peke yake na ya kazi peke yake. Wavu na makomeo nenda kavinunue wewe, kwani hapo ndipo kizito hugeuka chepesi bila mwenye banda kuambiwa.

4. Banda la kuhamishika

Halina sakafu, lina mishikio au magurudumu, na husogezwa kila siku kwenye majani mapya. Vifaa ni vichache na kinyesi kinabaki shambani. Linafaa kuku wawili hadi wanne, ardhi tambarare, na mtu asiyechoka kusogeza. Mchimbaji wa usiku hulifungua kirahisi.

5. Lililo tayari, la kuunganisha nyumbani

Kwenye picha ndilo linalopendeza kuliko yote. Shida ya kwanza ni idadi: “kuku sita” ya kwenye boksi mara nyingi imehesabu hata viota kama nafasi ya kukaa. Pima sakafu mwenyewe, gawanya kwa 0.37. Pili, mbao ni nyembamba na makomeo ni ya kuchezea. Tatu, tazama fito: ikiwa chini ya viota, kuku watalala viotani na mayai yatachafuka kila siku.

Nipige hesabu kwa makadirio. Kuku sita wanaotaga mayai 200 kila mmoja kwa mwaka wanatoa trei 40. Banda likisimama miaka 8, huku kuku wakibadilishwa wanapozeeka, ni trei 320. Banda la dukani linalobeba kuku watatu kweli na kuoza baada ya miaka 3 limekupa trei 60. Ili lilingane na lile la kwanza, bei yake isifike hata moja ya tano. Nalikubali kwa mpangaji anayehama hama mwenye kuku wawili. Yale ya plastiki ni habari nyingine: ni ghali, ila hayaozi, na kuyaosha utitiri ukiingia ni kazi nyepesi.

Kabla ya kulipia chochote, uliza kama sheria za eneo lako zinaruhusu kuku, wangapi, na umbali gani kutoka kwa jirani. Tenga pia pesa ya chakula tangu mwanzo: kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo sita watamaliza kama kilo 250 kwa mwaka. Ukibakiwa na chochote baada ya hapo, kiongeze kwenye mlango wa uwanja, uwe wa kuingia umesimama wima na ndoo mkononi.