Sola niliyofunga Igogo, hela inarudi au hairudi?

Miezi minane sasa tangu nifunge sola hapa nyumbani Igogo, Mwanza, na kila anayeona paneli juu ya bati swali ni lile lile, dada inalipa hiyo? Mi namuuliza kwanza, luku yako unanunua uniti kwa bei gani?

Mimi nauza barafu na juisi, friza hazipumziki, elfu kumi yangu inaleta uniti 28 tu maana ukijumlisha VAT, tozo ya REA (ile ya umeme vijijini) na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) uniti moja inafika kama shilingi 356. Paneli mbili za wati 450, betri ya lithiamu, inveta na fundi vilinitoka milioni 3.6. Siku ya jua la kueleweka napata kama uniti tatu (wale wa dukani wanakupigia wati mara masaa kumi na mbili, eti jua la saa moja asubuhi na la saa sita ni sawa!). Uniti tatu ni kama 1,070 kwa siku, mwezi elfu 32, haya gawanya mwenyewe, miaka tisa na ushee, na hapo betri iwe haijazingua.

Jirani yangu yuko kwenye ule umeme wa matumizi madogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, yeye uniti ni 122 na kodi zake. Nilimwambia mama tulia na Tanesco yako, hata sola ikibeba nyumba nzima utaokoa elfu tisa na kidogo kwa mwezi.

Ila mi sijuti, kwa sababu ya kukatika. Zamani umeme ukienda saa nne asubuhi barafu yote maji, juisi namwaga ndoo nzima na wateja wanahamia kwa mwingine, sasa hivi mtaa mzima ukizima ndo nauza balaa.

Kilichoniudhi ni fundi wa duka, kafunga paneli upande wa jabali, si mnajua nyumba zetu za mlimani, saa tisa tu kivuli kishaingia! Napiga simu hapokei, nikalipa mwingine elfu 40 azihamishe. Halafu wale wadudu wa ziwani wakichanganyika na vumbi paneli zinakuwa kama zimepakwa uji, napanda na kitambaa asubuhi kabla hazijapata moto.

Duka nalipatia nyota tatu kati ya tano. Moja kaila fundi wao, nyingine ni karatasi ya waranti ya betri, hadi leo naambiwa njoo kesho.