Bango kitita la elimu ya afya: mwaka mmoja nalo mkononi

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Miaka ya nyuma nilifundisha kwa vipeperushi tu, na mwaka huu mzima nimezunguka na bango kitita hili, nyumba hadi nyumba, kikundi hadi kikundi. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kulichukua.

Lina kurasa 24 ngumu za ukubwa wa A3, zimefungwa juu kwa waya, na lina miguu ya kukunjua ili lisimame mezani. Mbele kuna picha ya wasikilizaji, nyuma kuna maelezo ya mwelimishaji. Waya haujalegea hata kidogo. Miguu ilivunjika mwezi wa nne, kwa hiyo sasa huomba mmoja wa waliokuja anishikie, na nimeona mshikaji husikiliza kuliko wote. Karatasi imepakwa plastiki: mvua haiiwezi, lakini juani hung'aa hadi waliokaa pembeni hawaoni kitu. Tafuta kivuli kwanza.

Kilichonifanya nilipende ni maswali. Nyuma ya kila picha, kabla ya maelezo yoyote, yapo matatu: Mnaona nini hapa? Kwetu jambo hili hutokeaje? Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini? Mwanzoni niliyaruka, nina haraka ya kufundisha. Siku niliyoyauliza kisha nikanyamaza, kikao kiligeuka. Ilikuwa ukurasa wa kunawa mikono, ambao nilizoea kuuhubiri: sabuni, sekunde 20, ukitoka chooni, kabla ya kula. Kwenye swali la pili baba mmoja akasema, "Mwalimu, kunawa tunajua. Sabuni tunaifungia ndani kwa sababu ikikaa nje watoto wanaimaliza kwa kuichezea." Kumbe miezi yote ile nilikuwa nikiwajibu watu swali wasiloniuliza. Saa iliyobaki tuliitumia kutia kipande cha sabuni ndani ya soksi na kukining'iniza kwa kamba karibu na maji, mtoto akifika anaweza kunawa, lakini hawezi kuondoka nacho. Wazo lilikuwa lao.

Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa wa huduma ya afya ya msingi wa mwaka 1978, linasema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Ukurasa wa kwanza unalitaja azimio hilo, na maswali yale ndiyo yanayolitimiza. Mwenye kuyaruka amebeba picha tu.

Ukurasa wa kinga nao umefikiriwa vizuri. Mtu yule yule amechorwa mara tatu: kwanza anapunguza chumvi kwenye chakula na kutembea kwa miguu, pili anapimwa presha ilhali hajisikii vibaya popote, tatu anameza dawa zake kila siku asije akapata kiharusi. Darasani tulifundishwa kuziita kinga ya ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kikundi kimoja cha kina mama kimezipa majina yake: "kabla, mapema, isizidi." Nimeyachukua, na watu huyakumbuka.

Ukurasa wa chanjo haukunipendeza. Sindano imechorwa kubwa mno, watoto hujificha mgongoni mwa mama zao. Mimi huufunika na kusimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, ambaye mwaka 1977 alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili. Alipona, na baadaye akashiriki kampeni za chanjo ya polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa. Nikifika hapo, hata wenye mashaka huinua vichwa.

Ila ukurasa wa 11, wa kuhara, una kosa nisiloweza kulifumbia macho. Maelezo ya nyuma ni sahihi: pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, ikikosekana, chukua maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vimesawazishwa. Lakini picha ya mbele inaonyesha vijiko vilivyorundikwa kama kichuguu, tena havionyeshi ukubwa wake. Siku mbili baada ya kikao nilimkuta bibi mmoja akimchanganyia mjukuu wake. Alishika kijiko kikubwa cha kulia, na chumvi imefanya kilima juu yake.

"Bibi, shikamoo. Kipimo hicho umekipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Si ndicho cha kwenye picha yako?"

Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, hata kumtia degedege. Tuliimwaga, tukapima upya kwa kijiko cha chai huku nikikisawazisha kwa mgongo wa kisu, kisha tukaonja wote wawili: isizidi chumvi ya machozi. Mtoto akanywa kidogo kidogo. Nilikaa pale hadi jioni, moyo ukinienda mbio. Na dalili za kumkimbiza mtoto kituoni, yaani macho kudidimia, kushindwa kunywa, kulegea, damu kwenye choo, zimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, pamoja na habari za vidonge vya zinki. Hizo zilistahili kuwa mbele, tena kwa picha.

Nimewaandikia wachapishaji mara mbili, bado sijapata jibu. Kwa sasa nimebandika karatasi juu ya picha ile, nimechora kijiko cha chai kwa ukubwa wake halisi na kisu kikipita juu yake. Ukilichukua bango hili, fanya hivyo kabla ya kikao chako cha kwanza.