Mwongozo wa IDEO.org kwenye darasa la ustawi wa jamii: wa kutumia, lakini si peke yake

The Field Guide to Human-Centered Design, mwongozo wa ubunifu unaoanza na mtu mwenyewe, wa IDEO.org, shirika la ubunifu lisilo la faida, ilitoka mwaka 2015 ikiwa na mbinu 57 katika hatua tatu: kupata msukumo, kubuni na kutekeleza. Haikuandikiwa maafisa ustawi wa jamii, na pengo hilo linajitokeza kila haki ya mteja inapoguswa.

Sehemu ya mahojiano ndiyo bora kuliko zote. Wanaokwenda wasizidi watatu, na maswali yaanze na maisha ya mtu kwa upana kabla ya kulifikia tatizo. Mwanachuo aliyezoea kukimbilia fomu hujifunza hapo kunyamaza. Ila mmoja wa hao watatu hupangiwa kupiga picha. Kwenye shauri la mtoto aliyefanyiwa ukatili huyo aondolewe kabisa, na anayeandika maelezo atumie namba ya shauri badala ya jina. Ridhaa iombwe kabla ya mazungumzo na tena yakiisha, mtu akishajua alichokisema.

Kanuni ya kuahirisha hukumu wakati wa kubuni inafaa kwa mawazo tu. Taarifa ya ukatili ikiibuka kikaoni, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 kinamtaka mwenye taarifa aripoti kwa serikali za mitaa. Hilo haliahirishwi.

Udhaifu mkubwa uko kwenye maswali ya "Tunawezaje", yanayogeuza tatizo kuwa swali la kubunia majibu. Ukiuliza "Tunawezaje kumpa ujuzi msichana aliyeachishwa shule kwa ujauzito?", utapata cherehani na ususi. Majibu yote hayo yanakubali abaki nje ya shule, ilhali kifungu cha 28 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinamhakikishia elimu. Tanzania mlango wa kurudi shuleni ulifunguliwa na uamuzi wa serikali wa Novemba 2021.

Basi kabla ya kubandika vikaratasi vya mawazo ukutani, kila kundi lijaze jedwali la safu nne: haki ipi, ya nani, nani ana wajibu wa kuitimiza, na amekwama wapi: sheria, bajeti au utashi. Safu ya tatu ikiandikwa "jamii", mhadhiri airudishe, itajwe ofisi. Hapo swali linageuka: "Mkuu wa shule anahitaji nini ili ampokee msichana huyu muhula ujao?"

Hatua ya utekelezaji haienei ndani ya muhula mmoja. Chapisha kurasa za mahojiano na za mifano ya majaribio, uzitumie kabla wanachuo hawajaenda mafunzo kwa vitendo.